Chuma Hakipati Mafua

Habari mbaya haina adabu, haipigi hodi. Ilimkuta Mama Pacha nyuma ya cherehani yake, kola ya sare ya shule mkononi na pini mdomoni, na ililetwa na dereva wa gari la mikate ambaye hakukumbuka hata kuvua ile kofia nyeupe ya kiwandani.

"Shemeji, acha hiyo nguo. Chuma ameanguka."

Pini zikamtoka mdomoni. "Ameanguka wapi? Kwenye ngazi?"

"Si kuanguka kwa ngazi. Ameshika kifua, akakaa chini kando ya mashine ya kukandia, jasho linamtoka kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji. Nyapara amempeleka hospitali. Twende."

Chuma ni mume wake. Jina hilo walimpa wenzake kiwandani kwa sababu hakuwahi kukosa zamu, na nyapara, msimamizi wao, alipenda kumtolea mfano mbele ya vibarua wapya: mtazameni huyu, chuma hakipati mafua. Jina likamfuata mpaka nyumbani. Hata mama yake aliyemzaa siku hizi humwita hivyo.

Aliwaacha pacha wake kwa jirani, akapanda mbele ya gari, katikati ya harufu ya mikate ya moto. Walipofika kona ya hospitali, dereva alipunguza mwendo.

"Shemeji, huko ndani yupo nyapara. Ukiulizwa, unajua la kusema."

"Najua."

Alijua sana. Pale kiwandani kuna sheria moja inayoogopwa kuliko moto wa tanuri: anayekohoa hagusi unga. Ukiisikia kwa mbali ni sheria nzuri, nani anataka mkate uliopigiwa chafya? Ila walioitunga walisahau kusema asiyegusa unga atakula nini. Kibarua hulipwa kwa zamu. Akilala nyumbani na homa, zamu hiyo imekwenda na maji, na akirudi huenda akamkuta mtu mwingine amevaa aproni yake. Kwa hiyo watu wa kiwanda kile wamejifunza kuugua kimyakimya. Huweka karafuu chini ya ulimi kuzuia kikohozi, huenda kupenga kamasi chooni, na mlangoni nyapara akiuliza hali, jibu ni moja: mzima kama chuma. Wake zao wamelikariri jibu hilo. Pacha wa Mama Pacha, ambao hata kufunga viatu hawajui, nao wamelikariri.

Na asubuhi ile Chuma alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi.

"Mama Pacha, leo sijisikii. Kifua kinanibana."

Yeye hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa akimfungia karafuu kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye sare.

"Mafua hayo. Mwanamume halali kwa mafua. Kodi nayo haijui mafua." Kisha akamtia karafuu mfukoni mwa shati, akampigapiga mfuko ule kifuani, kama mtu anayefunga mlango.

Ndani ya gari la mikate alikumbuka mkono wake ukipiga kifua kile.

 

Mama mkwe alikuwa ametangulia, kwa kuwa nyumba yake iko nyuma tu ya hospitali. Alikaa kwenye benchi la chumba cha dharura, kitambaa cha kichwa kimelegea, na alipomwona mkwewe hakungoja salamu.

"Umeridhika sasa?"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo. Moyo wa mwanangu ulikuwa mzima nilipokukabidhi. Mdomo huo! Asubuhi kodi, jioni karo, usiku kodi tena. Mtu hapati hata nafasi ya kuvuta pumzi. Wanasema ni mshtuko wa moyo. Mshtuko unatoka wapi kwa kijana kama yule, kama si nyumbani kwake?"

Watu wa benchi la jirani waliacha kuongea ili wasikie vizuri. Mama Pacha aliinamisha kichwa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba ndani yake mwenyewe kulikuwa na sauti ikisema maneno hayohayo.

Nyapara alikuja kutoka kwenye dirisha la malipo. Ni mtu mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali, lakini leo aliongea chini.

"Pole, shemeji. Nimeshaongea na mwenye kiwanda. Kwa vile ameangukia kazini, kiwanda kinamdhamini, gharama zote. Yule wa dirishani alitaka kumwacha kwenye korido, nikampa simu aongee na bosi mwenyewe."

"Mungu akubariki, shemeji."

"Ila bosi ameuliza swali moja. Je, mtu huyu alikuwa anaumwa kabla? Kwa sababu kama alikuja na ugonjwa wake kutoka nyumbani, kiwanda hakihusiki." Akamtazama usoni. "Nimemwambia, Chuma? Chuma hata chafya hajawahi kupiga. Si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema Mama Pacha. "Mzima kama chuma."

 

Daktari alikuwa msichana mwembamba mwenye macho ya mtu aliyekesha. Alitoka nyuma ya pazia akiwa na karatasi ndefu ya kipimo cha umeme wa moyo, imejaa milima na mabonde.

"Nani mke wake? Mama, nisikilize vizuri, muda wetu ni mdogo. Kipimo hiki na damu yake vinaonyesha misuli ya moyo inaumia. Kwa kawaida maana yake ni kwamba bonge la damu limeziba mshipa wa moyo. Kuna sindano ya kuyeyusha bonge hilo, na kadiri tunavyochelewa, ndivyo moyo unavyokufa. Lakini nina maswali. Anavuta sigara?"

"Hapana."

"Sukari? Presha? Baba yake alikuwa na ugonjwa wa moyo?"

"Baba yake aligongwa na lori," alidakia mama mkwe. "Moyo wake ulikuwa salama kabisa."

"Siku za karibuni ameugua chochote? Homa, kikohozi, mafua, kuharisha?"

Nyapara alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, mikono nyuma, akisoma tangazo la ukutani lililohusu kunawa mikono. Alikuwa akilisoma kwa bidii sana.

"Hapana, daktari," Mama Pacha alisema. Neno lilitoka lenyewe, kama linavyotoka kila siku. "Ni mzima kama chuma."

Daktari hakuondoka. Aliitazama tena karatasi yake, akauma mdomo.

"Kuna kitu hakinikai sawa. Bonge la damu huziba mshipa mmoja, na kipimo huonyesha upande mmoja wa moyo. Huyu anaonyesha kila upande. Halafu umri wake mdogo." Akashusha pumzi. "Daktari bingwa wa moyo yupo njiani, lakini yuko mbali bado. Mama, sindano hii si maji. Ikimpata mwenye bonge, inamwokoa. Ikimpata asiye nalo, inaweza kumvujisha damu kichwani, au ndani ya mfuko unaouzunguka moyo wenyewe, na hapo sitaweza kuirudisha. Nataka uelewe kabla ya kukubali."

"Mchome!" mama mkwe alisimama. "Mnangoja nini? Wewe mwanamke, kubali achomwe!"

"Naomba kwanza nimwone," Mama Pacha alisema. Sauti yake hata yeye hakuitambua.

Muuguzi alimfungulia pazia. Chuma alikuwa kitandani, kifua wazi, amebandikwa nyaya huku na huku, barakoa ya oksijeni usoni. Uso wake ulikuwa na rangi ya unga wa jana. Kila baada ya muda mfupi alijitahidi kujiinua, akajikunja mbele kama mtu anayetafuta kitu magotini, na kila mara muuguzi akamshika mabega.

"Lala, baba. Lala chali. Hutakiwi kukaa."

Chuma alilala, uso ukajikunja kwa maumivu, akajaribu tena kuinuka.

Mama Pacha aliduwaa. Alikuwa ameshaliona hilo. Kwa usiku kadhaa sasa, mumewe alikuwa halali. Alikaa ameegemea ukuta, akajiinamia juu ya mto aliouweka mapajani, na alipoulizwa alisema joto limezidi.

"Nguo zake hizi," muuguzi alisema, akimpa mfuko wa plastiki. Mfuko ulikuwa wazi, na harufu ya karafuu ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka.

Alijua kwamba akifungua mdomo, dhamana imekwenda, na kazi imekwenda, na mama mkwe atakuwa na wimbo wa kumwimbia mpaka kaburini. Alijua pia kwamba akinyamaza watamchoma mumewe sindano kwa ugonjwa ambao huenda hana. Miaka yote uongo ule ulikuwa mdogo, wa kulinda mkate. Sasa ulikuwa umelala pale kitandani, na barakoa usoni.

Alitoka nyuma ya pazia akiwa ameushika ule mfuko kwa mikono miwili.

"Daktari, nimekudanganya."

Nyapara aliacha kusoma tangazo.

"Ana mafua zaidi ya wiki. Yalianza na homa kali, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Mwili mzima unamuuma. Kikohozi anakizuia na karafuu, hizi hapa, mimi ndiye ninayemfungia. Usiku hawezi kulala chali, kifua kinamchoma. Akiinama mbele ndipo anapata nafuu. Na leo asubuhi..." Akaubana ule mfuko kifuani. "Leo asubuhi aliniambia kifua kinambana. Alitaka kubaki nyumbani. Mimi ndiye niliyemtoa kitandani."

Mama mkwe alitoa sauti ndogo, kama ya mtu aliyekanyagwa kidole. Nyapara alisema, "Shemeji!"

Daktari peke yake ndiye hakushangaa wala kukasirika. Alikuwa ameshika mkono wa Mama Pacha kama anayemwogopea asikimbie.

"Rudia hapo. Akiinama mbele anapata nafuu? Na akivuta pumzi ndefu?"

"Inamchoma. Anavuta kidogokidogo."

"Sista! Ile sindano isubiri. Mwinulie kitanda, akae anavyotaka. Nileteeni mashine ya picha ya moyo, na mumpigie bingwa, mwambieni nimebadilisha mawazo." Tayari alikuwa akiondoka, kisha akageuka. "Mama, ungeweza kunyamaza. Asante."

 

Asante ile haikumpa nguvu yoyote. Alikaa mwisho wa benchi, mfuko wa nguo mapajani, akisubiri dunia imwangukie. Mama mkwe alikuwa amekaa upande wa pili, amempa mgongo.

Nyapara alikuja akasimama mbele yake, akainama karibu ili watu wasisikie.

"Kwa hiyo zaidi ya wiki nzima mtu ana homa, na mkono wake umo kwenye unga wangu."

"Ndiyo, shemeji."

"Na mimi nimekwenda kuapa mbele ya bosi. Nimeapa! Unajua umeniweka wapi?"

Mama Pacha aliinua uso kumjibu, akasita. Alidhani harufu ile inatoka kwenye mfuko. Lakini mfuko alikuwa ameukunja na kuufunga fundo. Harufu ilikuwa ikitoka juu, kwenye mdomo uliokuwa ukimfokea. Alimtazama nyapara vizuri kwa mara ya kwanza siku ile: macho mekundu, pua imechubuka kwa kupengwa, sauti iliyokuwa chini tangu walipokutana, ambayo yeye alidhani ni ya huruma.

"Na wewe, shemeji?" aliuliza polepole. "Una siku ngapi?"

Nyapara alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. Kwa muda alionekana kama mtu aliyekamatwa anaiba mkate kwenye trei yake mwenyewe. Kisha akakaa kwenye benchi, kwa uzito, na kikohozi alichokuwa amekibana kikamtoka chote, kirefu, mpaka mama mkwe akamsogezea kitambaa chake.

Hapo ndipo mashine nyuma ya pazia ilipoanza kulia.

Haikuwa ile sauti ya kawaida ya kudonoa. Ilikuwa mlio mmoja wa haraka, usiokata. Wauguzi wawili walikimbia, mmoja kiatu kikamvuka na hakurudi kukiokota. Mtu alisema, "Mpigo umevurugika!" Mwingine akasema, "Tunampiga shoti ya moyo, ondokeni kitandani, wote!" Kisha kikasikika kishindo cha mwili kujirusha juu ya godoro.

Mama Pacha alitaka kusimama. Alijikuta ameshikwa mkono. Mama mkwe alikuwa amesogea benchi nzima bila yeye kuona, na kucha zake zilikuwa zimezama kwenye kiganja chake.

"Mama, nimemuua," alisema. "Mimi ndiye nimemuua."

"Nyamaza," mama mkwe alisema, meno yakigongana. "Nyamaza, mwanangu. Msikilize kwanza. Sikiliza kama kuna anayelia huko ndani."

Walisikiliza. Hakuna aliyelia. Mlio ulikatika, na baada ya kimya kilichomfanya Mama Pacha ahisi amekufa yeye, ile sauti ya kudonoa ikaanza tena, taratibu, moja, nyingine, nyingine. Hakuwahi kudhani angeipenda sauti ya mashine.

 

Bingwa wa moyo alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwingiza Chuma kwenye chumba chake, akapitisha mrija mwembamba kupitia kifundo cha mkono mpaka moyoni, na jua lilikuwa linateremka alipotoka kuja kuwatafuta. Alivuta kiti akakaa mbele yao. Mama Pacha aliogopa kiti kile. Aliwahi kusikia kwamba madaktari hukaa wanapokuja kusema mtu amekufa.

"Yuko hai," mzee alisema mara moja, kama aliyejua. "Mishipa yake ya moyo nimeiona yote. Imefunguka kama barabara ya Jumapili. Hakuna bonge popote."

"Sasa ni nini, daktari?" aliuliza mama mkwe.

"Misuli ya moyo wenyewe imevimba. Kirusi cha mafua kimeshuka kifuani, na mwili katika kupigana nacho umeuwasha moyo moto. Ugonjwa huu unaiga mshtuko wa moyo kila kitu: maumivu, jasho, kipimo cha umeme, hata damu. Unatudanganya hata sisi tulioota mvi humu. Ndiyo maana historia ya mgonjwa ni nusu ya tiba. Mngemchoma ile sindano..." Aliangalia mikono yake. "Tuliache hilo."

"Atapona?"

"Wengi hupona. Lakini sitakuongopea, maana leo wewe hukutuongopea. Umesikia moyo ulivyovurugika mchana. Unaweza kurudia. Tutamlaza hapa chini ya mashine, na akitoka, asibebe gunia, asikimbie, asikande chochote kwa miezi mingi. Moyo huo ni kidonda."

Mama Pacha alikuwa na swali, na alilizunguka kabla ya kulitoa. "Daktari, yale maneno ya nyumbani. Kugombana. Si ndiyo yamemfanya hivi?"

"Maneno hayavimbishi misuli, mama. Ni kirusi. Pamoja na kufanya kazi ngumu akiwa na homa. Hilo ndilo humwongezea moto."

Mama mkwe alitazama chini. Nusu ya jibu ilikuwa imemwachilia Mama Pacha, na nusu ya pili ikamkamata palepale. Alijua ataibeba hiyo nusu, na hakuna wa kumtua.

Bingwa alipokuwa akiinuka, macho yake yalimwangukia nyapara aliyekuwa akikohoa kwenye kona. "Na huyu?"

"Huyu pia anaumwa," alisema Mama Pacha kabla mwenyewe hajafungua mdomo. "Na huko kiwandani kwao wapo wengine. Waulizeni vizuri. Hawatawaambia."

 

Nyapara alipopimwa moyo na kuambiwa ni salama, ila akapumzike, alitoka akiwa na simu sikioni. Alipomaliza alikaa kando ya Mama Pacha bila kumtazama.

"Dhamana ipo. Nimemwambia bosi ameangukia kazini. Na si uongo, aliangukia kazini."

"Asante, shemeji."

"Usinishukuru bado." Alikunja kofia yake nyeupe mara mbili. "Mashine ya kukandia haiwezi kusimama. Nilishaweka mtu mahali pake tangu mchana, kabla sijajua lolote. Bosi amesema huyo abaki."

Mama Pacha alitikisa kichwa polepole. Alikuwa amelitegemea, lakini kulitegemea pigo hakulipunguzii uzito. Alifikiria sare zilizobaki kwenye cherehani, na kodi isiyojua mafua, na akashangaa kwamba hofu ile aliyoizoea, ya kila mwisho wa mwezi, leo ilionekana ndogo, kama mbwa wa jirani anayebweka nyuma ya ukuta.

Muuguzi aliwaita. "Ameamka. Dakika chache tu, na msimchoshe."

Chuma alikuwa amekalishwa, mito miwili mgongoni, ameinama mbele kidogo. Macho yake yalizunguka chumbani, yakampita mama yake, yakampita mkewe, yakatua mlangoni, aliposimama nyapara na kofia mkononi. Mama Pacha aliona mabega ya mumewe yakijinyoosha. Aliona mkono wake, wenye sindano ya dripu, ukipapasa kifuani mahali pa mfuko wa shati ambalo hakuwa amelivaa.

"Haya, baba, niambie," muuguzi alisema, kalamu tayari juu ya karatasi ya mgonjwa. "Unajisikiaje sasa? Kifua kinauma?"

Chuma alilamba midomo iliyokauka.

"Mimi?" alisema, kwa sauti iliyochanika. "Mimi mzima, sista. Mzima kama chuma."

Muuguzi akatabasamu, akaanza kuandika.

"Sista, futa hiyo," alisema Mama Pacha. Alikwenda mpaka kitandani, akaushika ule mkono uliokuwa ukipapasa, akautuliza juu ya shuka. "Usimsikilize. Anaumwa huyu. Andika hivyo: mume wangu anaumwa."